Chuchu bandia tatu kwa mtoto mmoja: tathmini ya miezi 10

Kitu ninachokitathmini hapa kinaenea katikati ya kiganja, hakina betri wala maelekezo marefu, na bado kimezua ubishi nyumbani kwetu kuliko kitanda, kigari na vifaa vingine vyote tulivyomnunulia mtoto. Ni chuchu bandia, ambayo wengine huiita nyonyo: kipande cha mpira au silikoni kinachonyonywa bila kutoa chochote, kilichoshikizwa kwenye ngao ili kisiingie chote kinywani. Mtoto wetu wa kwanza hakuwahi kuionja, kwa sababu mkunga alinikataza nami sikumwuliza sababu. Wa pili aliianza akiwa na wiki 5, akaiacha alipokaribia miezi 11, na katika muda huo alipitia aina tatu tofauti. Nimekaa upande wa wanaokataa na upande wa wanaotoa, kwa hiyo nitaeleza kifaa chenyewe na pia uamuzi unaotangulia kukinunua, ambao kwangu ulikuwa mgumu zaidi kuliko kuchagua dukani.

Katazo la mkunga halikuwa la kubuni. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa hatua kumi za kufanikisha unyonyeshaji, na hatua ya tisa ilisema kwamba watoto wanaonyonya titi wasipewe chuchu za bandia za aina yoyote. Mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto, ulioanza mwaka 1991, ulijengwa juu ya hatua hizo. Sababu zinazotajwa kwa kawaida ni mbili. Ya kwanza ni namna ya kunyonya: kwenye titi mtoto hutanua kinywa na kuchukua chuchu pamoja na sehemu kubwa ya duara jeusi linaloizunguka, wakati chuchu bandia hushikwa kwa midomo iliyokaribiana, bila kutanua kinywa namna hiyo. Ya pili ni hesabu ya maziwa. Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyonyonywa, hasa katika wiki za mwanzo, hivyo kila dakika mtoto anayonyonya kitu kisicho na maziwa ni dakika ambayo titi halipati habari kwamba linahitajika. Ya kwanza sikuishuhudia kwa mwanangu. Ya pili ilitupata, na nitaifikia.

Hata hivyo katazo hilo limelegezwa. Hatua kumi zilipoandikwa upya mwaka 2018, ile ya tisa iligeuka kuwa agizo la kuwashauri akina mama kuhusu matumizi na hatari za chupa, chuchu za chupa na chuchu bandia. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za afya, ambayo yalijumuisha majaribio mawili yenye watoto 1,302 wenye afya waliozaliwa kwa wakati, hayakuona tofauti ya maana katika unyonyeshaji hadi umri wa miezi minne kati ya waliopewa chuchu bandia na waliozuiwa. Msomaji asiyachukue kuwa ruhusa kamili, kwa kuwa waandishi wenyewe walieleza kwamba ushahidi kuhusu matatizo ya mama katika siku za mwanzo, na kuhusu afya ya mtoto kwa muda mrefu, haukutosha. Mtu aliyewahi kukaa usiku wa nne baada ya kujifungua akiwa na chuchu zilizochanika anajua kwamba siku hizo za mwanzo ndizo zinazoamua mengi.

Kilichonigeuza mimi ni jambo jingine kabisa, nalo ni vifo vya ghafla vya watoto wachanga wakiwa usingizini. Mwaka 2005 Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilianza kupendekeza kwamba wazazi wafikirie kumpa mtoto chuchu bandia wakati wa kulala, mchana na usiku, kwa sababu tafiti zilionyesha kwamba watoto wanaolala nayo hufa hivyo kwa nadra zaidi. Pendekezo hilo limebaki katika mwongozo wao hadi toleo la 2022. Jinsi inavyomkinga mtoto haijathibitishwa, na kinga yenyewe imeonekana hata kwa watoto ambao chuchu huwadondoka mara wanapopitiwa na usingizi. Mwongozo huohuo unaweka masharti ambayo watu huyaruka: anayenyonya titi asubiri mpaka unyonyeshaji uimarike, asiyeitaka asilazimishwe, na ikidondoka baada ya mtoto kulala hakuna haja ya kuirudisha. Tena haichukui nafasi ya kumlaza mtoto chali juu ya godoro gumu lisilo na mito wala mablanketi yaliyolegea. Vifo hivyo hutokea zaidi kati ya mwezi wa kwanza na wa nne, kwa hiyo faida kubwa ya kifaa hiki iko mwanzoni mwa maisha, wakati uleule ambao mwenye titi anaombwa asiharakishe. Hapo ndipo ugumu wa uamuzi ulipo. Sisi tulisubiri mpaka maziwa yalipokuwa yanatoka bila shida na uzito wa mtoto ulipokuwa unapanda, yaani wiki ya 5, na bado naona tulipatia.

Chuchu ya kwanza ilikuwa ya mpira asilia wenye rangi ya kahawia, yenye kichwa cha mviringo, ikiwa imepachikwa kwenye ngao ya plastiki yenye pete nyuma. Kwa ulaini ilizishinda nyingine zote. Mtoto aliipokea siku ya kwanza bila kuitema, jambo ambalo silikoni ilichukua siku kadhaa kulipata. Kasoro za mpira zilijitokeza taratibu. Kila ilipochemshwa ilizidi kuwa nyeusi na kunata, ikafura kidogo, na ikawa na harufu ambayo sabuni haikuiondoa. Baada ya wiki sita hivi, nilipokuwa nikiivuta kwa vidole kama nilivyozoea kufanya kila asubuhi, niliona ufa mwembamba kwenye shina, mahali chuchu inapoingia katika ngao. Kwa macho matupu ulikuwa hauonekani. Ulifunguka tu ilipovutwa. Nisingekuwa na mazoea ya kuivuta, ingetoka kipande siku moja ikiwa ndani ya kinywa. Silaumu aliyeitengeneza, kwa kuwa karatasi iliyoambatana nayo ilisema ibadilishwe kila baada ya wiki nne hadi nane na sisi tulikuwa ndani ya muda huo tukijiona salama. Mpira asilia huzeeka kwa joto, mwanga na mate, na mwenye kuuchagua akubali kununua mara kwa mara. Akumbuke pia kwamba wapo watu wenye mzio wa mpira huo, na kama yumo katika ukoo, silikoni ndiyo njia.

Ya pili ilikuwa ya silikoni angavu, yenye umbo lile lililobapwa upande mmoja, ambalo wauzaji hulisifu kwamba linafuata kaakaa na kulinda meno. Nilitarajia mengi kwayo kuliko nyingine. Shida ya umbo hilo ni kwamba lina juu na chini: mtoto akiipokea kwa giza imegeuka, anainyonya kidogo, anaitema, analia. Umbo la mviringo halina shida hiyo kwa sababu haliwezi kuingia vibaya. Shida ya pili ilikuwa maji. Chuchu ya aina hii ina uwazi ndani, na ikichemshwa maji hupenya kupitia kitundu kidogo na kukaa humo yakiwa ya moto hata baada ya nje kupoa. Nilijua hilo nilipoibana na yakanichoma kidole. Tangu siku hiyo hakuna chuchu iliyotoka kwenye sufuria bila kukamuliwa na kuachwa ipoe kabisa. Na katika maungio kati ya pete na ngao paliota utando mweusi ambao hata mswaki haukuufikia. Kuhusu meno, sikuona sababu ya kuamini sifa za kwenye pakiti. Madaktari wa meno ya watoto wanachokisisitiza zaidi ni muda, yaani saa ngapi kwa siku na mpaka umri gani, kuliko umbo.

Ya tatu ndiyo niliyobaki nayo: silikoni tupu, kipande kimoja kuanzia chuchu hadi ngao hadi kishikio, bila maungio. Haina mahali pa kuficha uchafu, haina pete ya kukatika, na ikianguka sakafuni hailii kwa kishindo cha kumwamsha aliyelala. Hubeba nyuzi za nguo na nywele kwa namna inayokera, na ngao yake laini ilimwachia mtoto alama nyekundu shavuni aliposhikwa na usingizi akiwa ameilalia, ingawa alama hizo zilitoweka kabla ya saa kwisha. Nilivumilia yote mawili.

Aina yoyote utakayoishika dukani, tazama ngao kwanza. Inapaswa kuwa pana kiasi cha kutoweza kuingia kinywani hata mtoto akiinyonya kwa nguvu, na iwe na matundu ya hewa yasiyopungua mawili. Matundu hayo si urembo: yamewekwa ili, ngao ikiingia kinywani kwa bahati mbaya, hewa ipite na kuwe na mahali pa kuishikia na kuivuta. Marekani imekuwa na kanuni za lazima kuhusu ngao na matundu yake tangu miaka ya 1970, na Ulaya ina kiwango kinachoitwa EN 1400, ambacho namba yake huandikwa kwenye pakiti. Tazama pia saizi, kwa sababu chuchu ya mtoto wa miezi 2 ikiachwa mpaka ana miezi 10 huwa imekuwa ndogo kwa kinywa chake. Kamba ya kuifunga kwenye nguo sikuipenda hata kidogo. Kiwango kingine cha Ulaya, cha kamba hizo, kinaziruhusu zisizozidi sentimita 22, urefu usioweza kuzunguka shingo, na ni za mtoto aliye macho na mbele ya mtu mzima tu. Kamba ya kuvaa shingoni, au kuifunga kwenye kitanda, haifai mchana wala usiku.

Usafi haukunisumbua kama nilivyotishwa. Kabla ya kutumia mara ya kwanza tulichemsha kwa dakika tano. Katika miezi ya mwanzo tulichemsha kila siku, halafu tukahamia kwenye maji ya moto na sabuni. Mume wangu alikuwa na tabia ya kuiokota ilipoanguka, kuinyonya mwenyewe kisha kuirudisha kwa mtoto, na nilipomkemea alinionyesha utafiti wa Uswidi wa mwaka 2013, uliofuatilia watoto 184 na kukuta kwamba wale ambao wazazi wao walisafisha chuchu kwa mate walipata mzio kwa nadra zaidi. Utafiti huo upo kweli, nami nilishindwa kumbishia kwa hilo. Lakini mate ya mtu mzima hubeba pia vijidudu vinavyooza meno, na mtu mwenye meno matatu yaliyozibwa hana sababu ya kuyagawa. Tuliafikiana kubeba chuchu ya akiba ndani ya kikopo chenye mfuniko. Kuhusu kuichovya katika kitu kitamu ili mtoto aipende, hapana. Asali hasa ni hatari kwa aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria zinazotoa sumu ya kupoozesha misuli. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya watoto wanne kulazwa hospitalini Texas, wote wakiwa wametumia chuchu bandia zilizojazwa asali.

Sasa nifikie lile lililotupata. Tulianza kwa nia ya kuitumia wakati wa kulala tu. Ndani ya wiki tatu ilikuwa inaishi kinywani. Mtoto akigeuza shingo, chuchu. Akikunja uso, chuchu. Mgeni akiingia, chuchu kabla hajalia, ili mgeni asisikie. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Kifaa kinachofanya kazi ndani ya sekunde nne humzoeza mzazi haraka kuliko kinavyomzoeza mtoto, na mimi nilikuwa nimezoea ule ukimya. Alipofika wiki 10 tulimpeleka kliniki, na mstari wa uzito wake, uliokuwa ukipanda vizuri, ulikuwa umeanza kulala. Muuguzi hakugomba. Aliniuliza mtoto ananyonya mara ngapi kwa siku, nikajibu bila wasiwasi mara nane, kisha akaniomba nihesabu kweli, kuanzia jana asubuhi. Zilikuwa tano, na labda nusu nyingine. Zilizopungua zilikuwa zimemezwa na chuchu bandia: mtoto alipoanza kulamba midomo na kutafutatafuta kwa kichwa, dalili ambazo kwa mtoto wa kwanza nilizijua kama jina langu, nilikuwa nimezijibu kwa kitu kisicho na maziwa, naye akanyonya, akachoka, akalala na njaa.

Tulibadilisha mambo siku hiyohiyo. Chuchu ilihamia kwenye rafu ya juu ya chumba cha kulala, mahali ambapo ilibidi nisimame na kunyoosha mkono kuifikia, na katika muda huo wa kusimama nilijiuliza maswali matatu: amenyonya lini, nepi iko vipi, na je, anachotaka si kubebwa tu? Mara nyingi sikufika kwenye rafu. Uzito ulirudi kwenye mstari wake ndani ya majuma matatu. Siwezi kusema ni rafu peke yake iliyofanya hivyo, kwa kuwa na mimi nilianza kulala na kula vizuri zaidi wakati huo, lakini sikuirudisha mfukoni tena.

Usiku nao una hesabu yake. Kati ya mwezi wa 4 na wa 7 mtoto aliamka kila chuchu ilipodondoka, akadai irudishwe, na kwa muda tukawa watumishi wake wa zamu. Kuna usiku mmoja niliohesabu safari tisa. Jambo hili halitajwi kwenye pakiti yoyote. Liliisha alipoweza kuitafuta kwa mkono mwenyewe, mwezi wa 8 hivi, tulipoanza kumwekea mbili kitandani, zisizo na kamba. Mzazi ambaye mtoto wake tayari analala vizuri bila kifaa hiki na amepita miezi 6 sioni kwa nini aanze.

Kuhusu masikio, utafiti uliofanyika kliniki za Ufini na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba pale wazazi walipofundishwa kuipunguza mtoto anapofikia miezi 6, maambukizi ya sikio la kati yalipungua kwa asilimia 29. Wetu aliugua sikio mara mbili akiwa na miezi 9 na 10. Huenda angeugua hata bila hiyo, maana wa kwanza aliugua pia, lakini ugonjwa wa pili ulitosha kutuondolea ubishi. Meno hayakuwa sababu ya haraka, kwa kuwa madaktari wa meno ya watoto wa Marekani wanashauri iachwe kabla au ifikapo miezi 36, na kinachohofiwa, yaani meno ya mbele ya juu na chini kuacha kukutana, hutokea zaidi kwa wanaoendelea muda mrefu. Wanaoitetea husema ni heri kuliko kidole gumba, kwa sababu kidole hakitupiki. Hoja hiyo naikubali, ingawa wa kwanza, asiyepewa chochote, hakunyonya kidole wala kitu.

Nimeandika habari za mtoto mzima aliyezaliwa kwa wakati. Kwa njiti kifaa hiki ni kitu kingine: wodini hupewa ili wajizoeze kunyonya kabla hawajaweza kulishwa kwa kinywa, hupunguza maumivu wakati wa kuchomwa sindano, na imeonekana kufupisha siku za kukaa hospitalini. Mama wa njiti amsikilize daktari wake, si mimi.

Kwa mtoto wa tatu, kama atakuja, nitanunua mbili za kipande kimoja cha silikoni, saizi ndogo, zikae kwenye sanduku bila kufunguliwa mpaka maziwa yatulie. Ya mpira nisingenunua tena. Ile iliyobapwa ningeipokea nikipewa zawadi, na ningeitumia. Kuacha kwenyewe kulichukua siku nne: mbili za kilio kabla ya kulala, moja ya kununa, na ya nne alilala akiwa ameshika pindo la gauni langu. Chuchu ya mwisho niliivuta asubuhi yake kama kawaida, nikaona alama za meno yake mawili ya chini zimeingia mpaka katikati ya shina, nikaitupa.